RAM MPYA, MASHINE MPYA, LAKINI SKRINI YA BLUU KILA SIKU: USIKIMBILIE KUPIGA WINDOWS

Leo naweka siasa za mji pembeni kidogo. Kuna swali linanifuata tangu mwaka jana, kutoka kwa washkaji wa stationery, wa studio za picha na hata wale wa magemu: "Nimejenga desktop mpya kabisa, kila kitu kimetoka kwenye boksi, mbona inaleta skrini ya bluu?" Wengi wakienda kwa fundi jibu ni lile lile: lipia upigiwe Windows. Inapigwa. Baada ya siku mbili bluu inarudi. Inapigwa tena, hela inatoka tena.

Mara nyingi Windows wanaionea bure. Mwenye kesi ni RAM ya kasi kubwa inayokimbizwa kuliko mashine inavyoweza kubeba. Na ubaya wake hauishii kwenye kuzima. RAM isiyotulia inaharibu mafaili yako kimya kimya, unakuja kushtuka mteja amesimama mlangoni. Hilo ndilo limenifanya niandike.

KISA CHA MAKAMBAKO

Juni 2025 jamaa mmoja wa Makambako, anafanya stationery na kuediti video za harusi na kipaimara, aliniita. Alikuwa amejikamua zaidi ya milioni tatu akajengewa mashine: prosesa Ryzen 5 7600, mazabodi ya B650, na RAM za DDR5 zilizoandikwa 6000, vipande vinne vya GB 16, jumla GB 64. Viwili alinunua mwanzo, viwili akaongeza baadaye, lebo zile zile. Boksi zote zilikuja kwa basi kutoka Dar.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amepigiwa Windows mara tatu. Video zinakata katikati ya kutolewa, mafaili ya zip yanagoma kufunguka, skrini ya bluu inakuja na maneno tofauti kila siku. Kilichomuuma zaidi ni harusi moja ya Lupembe. Alikuwa amehamisha picha kutoka kwenye memori kadi, akafomati kadi, halafu akakuta picha kadhaa zina nusu ya juu nzuri na nusu ya chini imejaa rangi za ajabu.

"Dogo, nimeuziwa kimeo," akaniambia. "Kesho napanda basi nakwenda Kariakoo, watanirudishia hela yangu."

"Kaka, nipe siku mbili kwanza. Tukishajua ni nini ndiyo uende. Usiende kugombana na mtu ambaye pengine hana kosa."

Alikubali kwa shingo upande. Kutoka Makambako mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600, na nauli anaijua.

RAM INAKOSEAJE?

RAM ni mamilioni kwa mamilioni ya vijitundu vinavyotunza chaji ya umeme. Kikiwa na chaji ni 1, kikiwa hakina ni 0. Shida ni kwamba vinavuja, kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo mashine inavisoma na kuvijaza upya muda wote: DDR4 ndani ya milisekunde 64, DDR5 ndani ya milisekunde 32.

Sasa weka kasi juu yake. RAM ya 6000 maana yake kila waya wa data unapitisha mara bilioni 6 kwa sekunde. Katika muda wa mpito mmoja tu, mwanga wenyewe unasafiri kama sentimita 5. Prosesa inatakiwa isome alama ndani ya kidirisha hicho kidogo, kwenye nyaya kadhaa kwa pamoja. Umeme ukipungua kidogo, joto likipanda, au kipande kisipokaa vizuri kwenye sloti, 0 inasomeka 1.

Usidhani ni mambo ya kufikirika. Mei 2003 huko Ubelgiji, kwenye uchaguzi uliotumia mashine za kura eneo la Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja aliongezewa kura 4,096 kutoka hewani. Walishtuka kwa sababu alizidi kura ambazo zingewezekana. Namba 4,096 siyo ya bahati nasibu: ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 12, yaani biti moja tu ya memori ilijigeuza. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana. Na mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kufuatilia seva za Google: zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata angalau kosa moja ndani ya mwaka.

Seva zile zina RAM ya kujisahihisha, inaitwa ECC. Desktop zetu nyingi hazina. Mtu atasema DDR5 inayo ndani yake. Ni kweli, ila ile inasahihisha yaliyoharibika ndani ya chipu tu. Data ikiharibikia njiani kati ya RAM na prosesa haihusiki kabisa.

NAMBA YA KWENYE BOKSI SIYO AHADI YA PROSESA

Hapa ndipo wengi tunapigwa bao. Ukichomeka RAM ya 6000 kwenye mashine, haiwaki na 6000. Inawaka na kasi ya kawaida ya viwango, kwa DDR5 mara nyingi 4800 kwa volti 1.1. Ili ifike 6000 lazima uingie BIOS uwashe XMP (ya Intel) au EXPO (ya AMD, ilikuja 2022). Ukiwasha, volti zinapanda, mara nyingi mpaka kama 1.35, na mashine inaanza kuendeshwa juu ya kile ambacho mwenye prosesa ameahidi.

Ahadi zenyewe ni hizi. Ryzen 5 5600 inaahidi DDR4 3200. Core i5-12400 inaahidi DDR4 3200 au DDR5 4800. Ryzen 5 7600 ya jamaa yetu inaahidi DDR5 5200 ikiwa na vipande viwili, lakini ukijaza sloti zote nne ahadi inashuka mpaka 3600. Soma tena hapo. Yeye alikuwa anaendesha vinne kwa 6000.

Aliyeuza RAM hakudanganya, vipande vyake vinaweza 6000. Aliyetengeneza prosesa naye hakudanganya, ameandika kwenye ukurasa wake. Ila katikati hakuna aliyemwambia mnunuzi.

Kitu kingine: CPU-Z ikikuonyesha 3000 usipige kelele kwamba umeibiwa. DDR inapitisha mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo 3000 hapo ndiyo 6000 yako.

TOFAUTISHA DALILI KWANZA

Mashine ikizima ghafla kama umeme umekatika, hasa ukiwa kwenye gemu au unatoa video, mtuhumiwa wa kwanza ni pawa saplai, joto, au umeme wa ukutani. Kwenye Event Viewer utakuta "Kernel-Power 41". Hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuaga, haikwambii nani kaizima.

Skrini ya bluu ikija na maneno yanayobadilika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, shuku RAM. Dereva mbovu kwa kawaida inarudia kosa lile lile. Mafaili ya zip kugoma, Windows kukataa kumaliza kujipiga, kivinjari kujifunga ovyo, zote ni dalili za RAM.

Mashine ikiwaka skrini nyeusi na taa ndogo ya DRAM kwenye mazabodi inawaka, tulia. Mashine za DDR5, hasa za AMD AM5, mara ya kwanza zinajifundisha RAM. Inaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Kuna watu wanazima baada ya sekunde 30, wanawasha, wanazima, halafu wanatangaza mazabodi imekufa. Iache robo saa. Na huku kwetu umeme ukikatika katikati, inaanza upya.

HATUA KWA HATUA

1. Linda kazi zako. Usihamishe kitu chochote cha maana kwenye mashine unayoishuku. Usifomati kadi ya mteja. Kama una faili kubwa la GB kadhaa, fungua Command Prompt uandike: certutil -hashfile D:\harusi.mp4 SHA256. Rudia mara mbili tatu. Itatoa herufi na namba nyingi, zinatakiwa zifanane kabisa. Zikitofautiana hata herufi moja wakati faili halijaguswa, mashine inakudanganya. Zikifanana bado haijathibitika kuwa salama, endelea.

2. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani. XMP au EXPO izime. Ikigoma hata kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, rudisha. Hatua hii ndiyo inagawa njia. Ikitulia sasa, shida ni kasi. Ikiendelea kusumbua, shida ni kipande, sloti au namna ilivyofungwa.

3. Pima kwa Memtest86+. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na mashine inawaka nayo bila Windows. Ikikataa, zima Secure Boot. Iache izunguke angalau mara nne, kwa GB nyingi ni ya kulala nayo usiku. Sheria ni moja: kosa 1 ni kosa. Usiseme "ni moja tu kati ya mabilioni". Ile ya ndani ya Windows inasaidia kuonja tu, ikisema safi usiiamini peke yake.

4. Fungua, kagua, chomeka upya. Zima, chomoa ukutani, gusa chuma cha kesi kabla ya kushika RAM. Wa Njombe mnanielewa: kiangazi, baridi, sweta la sufi, ukivua tu unasikia cheche. Cheche hiyo usiipeleke kwenye chipu. Wa Makambako nyie mna upepo na vumbi, futa meno ya RAM taratibu kwa kitambaa laini na spiriti safi, iache ikauke. Chomeka mpaka usikie mlio wa vishikio. Vipande viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, zimeandikwa A2 na B2. Ukiviweka jirani jirani unaharibu mpango.

Mashine iliyosafiri kwa basi ikiwa imefungwa tayari, kagua na feni ya prosesa. Zile kubwa zikitikiswa njia nzima zinaweza kulegea. Sehemu moja ya RAM isipoonekana kabisa, chunguza pini za soketi kama kuna iliyopinda.

5. Kipande kimoja kimoja. Weka kimoja A2, pima. Toa, weka kingine sloti ile ile, pima. Kosa likimfuata kipande, hicho ndicho kimeo, kakidai na risiti mkononi. Vipande vyote vikisumbua sloti moja na kutulia nyingine, ni mazabodi au soketi. Hii ndiyo hatua inayookoa nauli.

6. Angalia orodha ya mazabodi. Kwenye tovuti ya mtengenezaji kuna orodha ya RAM alizozijaribu, na kwa vipande vingapi. Tafuta namba kamili ya lebo, siyo jina la kampuni tu.

7. Sasisha BIOS. Matoleo mapya mara nyingi yanaboresha RAM, na kwa AM5 ni muhimu kwa usalama pia. Aprili 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000 zilizokuwa na EXPO ziliungua kwa volti za SoC kupanda mno, na AMD wakaweka kikomo cha 1.3. Lakini usisasishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati, hapo ndiyo utakuwa na kimeo cha kweli.

8. Washa kasi, ukigoma shuka. Washa XMP au EXPO, pima tena. Ikikosea, shuka 5600, halafu 5200. Usipandishe volti kwa kubahatisha kwa sababu umeona mtu kafanya YouTube. Tofauti ya 6000 na 5200 kwa mtu wa Word, Photoshop na video za harusi ni ndogo. Tofauti ya faili zima na faili lililoharibika ni mteja.

9. Pima ikiwa imepata moto. Memtest ikipita, toa video ndefu au tumia OCCT mchana, kesi imefungwa. Kuna RAM inatulia asubuhi na baridi yetu ya Juni, ikifika saa nane mchana kadi ya picha imeshapasha kesi nzima, makosa yanaanza.

TULIPOFIKA NA MASHINE YA JAMAA

EXPO ikiwa imezimwa, vipande vyote vinne vilipita usiku kucha bila kosa. Kimoja kimoja navyo safi. Vinne kwa 6000, makosa ndani ya dakika za mwanzo. Nikafungua CPU-Z upande wa SPD: viwili vina chipu za SK hynix, viwili vina za Samsung. Lebo zinafanana, ndani ni ukoo tofauti.

Tukabakiza viwili vya mwanzo kwenye A2 na B2, tukasasisha BIOS juu ya UPS, tukawasha EXPO. Memtest usiku kucha: sifuri. Akatoa video ya saa tatu mfululizo, haikukata. Vile viwili vingine tukavipa mashine nyingine ya kuchapishia. Hakuna kilichotupwa, na safari ya Kariakoo ikafa.

Picha je? Kadi mbili zilikuwa hazijatumika tena tangu zifomatiwe. PhotoRec, programu ya bure, ilizirudisha karibu zote. Kadi ya tatu alikuwa ameshapigia kazi nyingine juu yake. Picha 31 za kanisani hazikurudi, na akawapigia simu wenye harusi mwenyewe kuwaambia. Wakati ule mashine ilikuwa "inafanya kazi", inachapisha, inacheza muziki, huku inaharibu siku ya watu.

UKIENDA KUNUNUA

Nunua RAM kwa boksi moja lenye vipande viwili, vimepimwa pamoja. Ukitaka GB 64 chukua viwili vya 32, siyo vinne vya 16. Usitegemee kuongeza pacha baadaye, kampuni zinabadilisha chipu ndani ya jina lile lile. Corsair kwa mfano wanaandika namba ya "ver" kwenye lebo, linganisha hiyo.

Soma kasi ambayo prosesa yako inaahidi kwa idadi ya vipande unavyoweka. Kwa Ryzen 7600 na kazi za wateja, RAM ya 5200 inayotulia inatosha.

Ukiona RAM ya DDR4 ya bei chee yenye GB nyingi, uliza kama ni ya seva. Zile za "registered" zinaingia kwenye sloti ya desktop ya kawaida lakini haziwaki. Zinakwenda na mazabodi za Xeon.

Na usikubali kutupa kipande kabla hakijapimwa peke yake. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei za RAM zilipaa duniani kote kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron walitangaza hata kuachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Kipande ambacho fundi anakiita kibovu kinaweza kuwa kizima kabisa, na yeye anajua bei yake.

Mwisho, fundi akikwambia "tupige Windows" muulize swali moja tu: "Umepima RAM?" Akisema amepima, mwombe picha ya skrini ya Memtest. Fundi wa kweli hatakasirika.

Nawasilisha wadau. Wenye swali tupieni hapo chini, ila mtaje prosesa, mazabodi, namba kamili ya RAM, vipande vingapi na viko sloti zipi. Ukiandika tu "mashine yangu inazima nisaidie" nitakuuliza hayo hayo, na muda wako wa kafe utakuwa umeisha.